Mtu Mzima Hakandwi Vipande

Hotuba kwa wahitimu wa mafunzo ya kuchua na kukanda, Tanga

Mwalimu mkuu, walimu, wazazi mliowasindikiza watoto wenu, na nyinyi wahitimu mliokaa mbele hapo na sare zilizopigwa pasi hadi zinakata: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie masaji ya Kithai. Barua ya mwaliko ilisema nije kueleza "tiba ya mwili, akili na roho". Nilipoisoma nilicheka peke yangu, maana maneno hayo yako kwenye kila bango la saluni kuanzia Bagamoyo hadi Nungwi, pembeni ya picha ya mwanamke aliyelala kifudifudi amepangiwa mawe meusi mgongoni. Nianze basi kwa kuwaondolea hayo mawe. Si ya Kithai. Mafuta ya kunukia mnayoyaona kwenye picha hizo nayo si ya Kithai, na yule mwanamke, kama kweli angekuwa anakandwa Kithai, angekuwa amevaa nguo zake, suruali pana na shati la mikono, amelala chini kwenye godoro jembamba, na huenda muda huo angekuwa amekunjwa kama jamvi.

Mimi kukanda sikukujua Bangkok. Nilikujua Pangani, kwa bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akiitwa kila mtoto anapozaliwa mtaani. Bibi alikuwa anamkanda mzazi kwa maji ya moto mpaka arobaini itimie, asubuhi na jioni, na kitambaa kinachotoa mvuke, tumbo, kiuno, mgongo, miguu, kisha anamfunga mkaja. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchochea kuni na kubeba ndoo. Kwake yeye kukanda kulikuwa jambo moja, kuchua jambo lingine, na kusinga jambo la tatu kabisa. Kukanda ni maji moto na kiganja. Kuchua ni mafuta na kidole gumba, kwa aliyeteguka au aliyeshikwa na mgongo. Kusinga ni liwa na mwari, na hapo kuna nyimbo na vicheko na maneno ambayo mtoto wa kubeba ndoo hakutakiwa kuyasikia. Ukichanganya, anakugombeza. Leo yote matatu tunayaita masaji, na hilo neno limekuja na matatizo yake, nitayafikia.

Nilipokua nikapata kazi hotelini Unguja, sehemu ya spa. Mwenzangu wa zamu alikuwa dada wa Kithai. Wageni walikuwa wanamsubiri yeye. Mimi nilikuwa na mikono yenye nguvu kumshinda, nakuambieni ukweli, na bado mgeni akitoka kwangu anasema asante, akitoka kwake anakaa kwenye kiti pale nje hasemi kitu, anatazama bahari. Iliniuma. Nikamuuliza, dada, unawafanya nini? Akasema, "Nenda Wat Pho." Ilinichukua miaka mitatu ya kuweka bakshishi kwenye kopo la maziwa ya unga ndipo nikaenda.

Wat Pho ni hekalu la Kibudha katikati ya Bangkok, karibu na jumba la mfalme, jirani na mto Chao Phraya. Watalii huenda kumwona Buddha aliyelala, sanamu ya urefu wa mita 46, iliyofunikwa dhahabu. Nyayo zake peke yake zinamzidi mtu kimo. Nilisimama mbele ya nyayo zile, zimepambwa kwa lulumizi, nikawaza kikazi: huyu ukianza kumkanda leo utamaliza mwakani. Lakini kwetu sisi wa kazi hii hazina ya pale iko ukutani. Kuna mabamba ya mawe 60 yaliyochongwa umbo la mtu, mengine mbele, mengine mgongo, na juu ya umbo hilo pamechorwa mistari na vituo, na pembeni maandishi: hapa bonyeza kwa maumivu ya kichwa, hapa kwa aliyekaukiwa na shingo, hapa kwa mwenye ganzi. Somo zima limechongwa kwenye jiwe. Mtu yeyote anaingia, anasoma, anaondoka nalo.

Naomba mnivumilie kidogo na historia, kwa sababu humu ndimo lilimo jambo nililokuja kuwaambia.

Wathai walikuwa wakikanda tangu zamani. Mwaka 1687 mfalme wa Ufaransa alimtuma mjumbe aitwaye Simon de La Loubère kwenda Siam, ndiyo Thailand ya siku hizo. Aliporudi aliandika kwamba huko mtu akiugua hukandwa mwili mzima na fundi, na fundi huyo humpanda mgonjwa na kumkanyaga kwa miguu. Mfaransa yule alishangaa. Mimi sikushangaa, maana hata babu yangu akirudi kuvua alikuwa analala kifudifudi barazani na kutuita wajukuu tumkanyage mgongo. Basi, miaka 80 baada ya mjumbe yule, mwaka 1767, jeshi la Burma likauteka mji mkuu wa Siam, Ayutthaya, likauchoma. Mji ulipoungua viliungua pia vitabu, na ndani yake vitabu vya tiba. Na kumbukeni waganga nao walikufa au walichukuliwa mateka.

Wafalme wa Bangkok walipojenga upya walikuwa na jeraha hilo mioyoni. Katika miaka ya 1830 mfalme Rama wa Tatu aliagiza elimu ikusanywe kutoka kwa wajuzi, ikachongwe kwenye mawe ya Wat Pho: tiba, mashairi, dini, historia. Maandishi hayo yamefika 1,431, na mwaka 2011 UNESCO iliyaweka kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Kuna pia sanamu za warishi, yaani wale wazee wa upweke wa msituni, wamejikunja na kujinyoosha kila namna, kila mmoja anaonyesha mkao wa kuondoa maumivu fulani. Kuna mmoja amejishika mguu kwa nyuma na uso umekunjamana, utadhani ameumwa na nge. Waliozitengeneza walikuwa na ucheshi.

Sasa mimi nikiwa nimesimama mbele ya mabamba yale nilimkumbuka bibi, nikalia. Mlinzi alidhani nimeguswa na dini yao. Bibi alifariki nikiwa kidato cha pili. Alikuwa na namna yake ya kuweka kidole gumba chini ya mfupa wa bega na kumwambia mtu ageuze shingo taratibu, na mtu aliyekuja hawezi kutazama pembeni anaondoka anatazama. Sijui alikuwa anabonyeza wapi hasa. Nimejaribu miaka mingi kuukumbuka mkono ule. Hakuna aliyeuandika, hakuna aliyemuuliza, na mimi niliyekuwa karibu yake nilikuwa nahesabu kuni ziishe nikacheze. Siwezi kumlaumu mkoloni kwa hilo. Daftari lilikuwepo, kalamu ilikuwepo, na hata kusoma nilikuwa najua.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwenu nalitoa mapema kabla hamjachoka: mkirudi makwenu, kama yuko bibi anayekanda, kaeni naye na daftari. Na kama anakataa kusema, mchukueni mgongo wenu mkampe aukande, mjifunze kwa mgongo.

Turudi Wat Pho, maana hekalu lile lina shule ya kukanda, na ndiko nilikosomea. Siku ya kwanza hatukumgusa mtu. Tulifundishwa kukaa, kisha tukafundishwa kumsalimia mwalimu. Wathai kabla ya kuanza huunganisha viganja mbele ya kifua na kumtaja tabibu aitwaye Jivaka, wao humwita Shivago, ambaye maandiko ya Kibudha yanasema alikuwa tabibu wa Buddha mwenyewe. Wanamhesabu kuwa baba wa tiba yao. Maandiko hayo ya kale yanamsimulia akitibu kwa dawa na kwa kisu, habari ya kukanda haimo, lakini heshima imeshikamana naye. Najua mmoja wenu ataniuliza baadaye pembeni, kwa sauti ya chini, kama ni lazima kuomba dua ya Kibudha. Nami niliuliza, kwa sauti hiyohiyo. Mwalimu wetu, mama wa makamo mwenye mikono midogo kama ya mtoto, akaniambia: kaa kimya kwa muda wa pumzi tatu, kumbuka aliyekufundisha, mwombee unayemgusa. Basi mimi hupiga bismillahi moyoni na kumtaja bibi. Mkristo atafanya lake. Ila zile pumzi tatu msiziruke. Mikono iliyotoka kushika simu, iliyotoka kugombana na mwenye nyumba juu ya kodi, haiendi moja kwa moja kwenye mwili wa mtu.

Kiswahili kimetupa neno ambalo sijaona bango lolote likilitumia. Tunasema mtu mzima, tukimaanisha aliyekua. Lakini sikilizeni neno lenyewe. Mzima: hajapungua, hajavunjika, haumwi. "U mzima?" tunaulizana kila asubuhi, na jibu si la goti wala la bega. Ni la mtu. Wathai nao wana neno sabai, wanaliweka hata kwenye salamu, sabai dee, na ndani yake mna afya, mna starehe, mna moyo uliotulia, vyote kwa pamoja havitenganishwi. Ndiyo maana mtu akija kwao analalamika bega la kulia, hawaanzi na bega. Wanaanza na unyayo.

Nilidhani ni kupoteza muda wa mteja. Kumbe kwa mafundisho yao mwili una udongo, maji, upepo na moto. Wazee wa pwani hii watakuwa wanatikisa kichwa, maana hata tabibu wetu wa zamani aliyesoma vitabu vya Waarabu alihesabu vivyo hivyo, akakuambia huyu ana baridi mpikieni tangawizi. Kwa Wathai upepo, wao husema lom, ndio unaotembeza kila kitu ndani, na unatembea kwenye njia ziitwazo sen. Wanazihesabu hadi 72,000, lakini wanafunzi hufundishwa kumi, zote zinaanzia maeneo ya kitovu. Mbili zake, Ittha na Pingkhala, hupanda pande mbili za uti wa mgongo, na majina hayo yametoka India, kwenye elimu ya yoga. Maumivu kwao ni njia iliyoziba. Unabonyeza kando ya njia, upepo unapita, mtu anapumua.

Upepo huo msiuchanganye na wa kwetu. Huku Tanga ukisema fulani ana upepo, watu wanatafuta ubani na mganga. Lom ni mwendo tu. Ni kama tunavyosema gesi imepanda, ila mpana zaidi.

Mtaniuliza: wewe unaamini hizo njia? Nimesoma anatomia, nimewaona madaktari wanapasua, na njia hizo hakuna aliyezikuta na kisu. Lakini kuna kitu nimekigundua mikononi. Ukifuata mstari wao wa nje ya mguu, kuanzia kifundo hadi nyonga, unapita hasa pale ambapo watu wanaosimama siku nzima wanaumia. Ukifuata ile ya pembeni ya uti wa mgongo, unapita kwenye misuli inayotubeba. Nazichukulia njia hizo kama majina ya nyota kwa nahodha. Nahodha wa Pangani anaitaja nyota kwa jina alilopewa na babu yake, na jahazi linafika Pemba.

Na mkono wenyewe unafanyaje? Hapa ndipo nilipofedheheka. Nilikuwa natumia nguvu. Siku ya pili mwalimu alilala nimfanyie, nikambonyeza paja kwa vidole gumba kwa bidii yote ya mtoto wa kubeba ndoo. Alivumilia dakika tano. Kisha akainuka akasema kitu, mwanafunzi mwenzangu akanitafsiria: "Mikono yako inapiga kelele." Akanionyesha. Unapiga magoti, mikono imenyooka, viwiko havijakunjwa, unaegemea mbele na uzito wa mwili wako unashuka wenyewe. Unarudi nyuma, uzito unaondoka. Mbele, nyuma, kama mtu anayetwanga bila haraka, au kama mama anayebembeleza mtoto huku mawazo yake yako kwa mtoto huyohuyo. Unaingia na kiganja kwanza, ndipo kidole gumba, unamaliza na kiganja. Unapofika penye maumivu huongezi nguvu. Unakaa hapo. Unasubiri msuli ukufungulie. Wengi wetu tuliofundishwa haraka haraka tunabisha mlango kwa teke.

Halafu kunyoosha. Mguu unakunjwa goti lielekee kifua, unazungushwa, unavutwa. Mgongo unapindwa taratibu. Kiwiko, goti, unyayo wa mkandaji, vyote vinafanya kazi. Ndiyo sababu watu huita yoga ya mvivu, mtu ananyooshwa huku amelala. Hiyo ni namna ya wananchi wa kawaida. Iko nyingine iliyotoka ikulu, na hiyo ilinifurahisha sana kwa adabu zake. Mkandaji wa ikulu alimsogelea mkubwa kwa magoti, akapima mapigo ya damu kwanza, akatumia mikono tu, hakuna goti wala unyayo juu ya mtoto wa mfalme, na uso aliugeuza pembeni ili pumzi yake isimfikie mgonjwa. Nyinyi mtakaokanda Ramadhani mkiwa mmefunga, hilo la pumzi mlikumbuke.

Kuna kitu kimoja nataka mkishike kwa mikono, nimekuja nacho, mpitishe nyuma. Hilo ni bunda la dawa, wao huita luk prakhop. Kitambaa cha pamba kimefungwa kama mpira na kuachiwa mkono wa kushikia. Linusheni. Manjano, mchaichai, majani ya mkwaju, maganda ya ndimu, kafuri, chumvi. Huko wanaweka na plai, mmea wa jamii ya tangawizi, nao ndio mkubwa wa bunda, mimi huku natia tangawizi yenyewe nikijua kabisa kwamba si kitu kilekile. Unalipasha kwa mvuke, unalijaribu kwenye mkono wako mwenyewe kwanza, ndipo unalibonyeza kwa mtu, mwanzoni haraka haraka maana lina moto, likipoa unakaa nalo. Wathai hulitumia sana kwa mzazi aliyejifungua, pamoja na desturi yao ya yu fai, kukaa na moto, mzazi analazwa karibu na moto siku kadhaa. Niliposikia hivyo nilimwona bibi na ndoo yake ya maji. Watu wawili wasiojuana, bahari nzima katikati, na wote wamekubaliana kwamba mwanamke aliyejifungua anahitaji joto na mikono ya mwenzake. Vitu vyote vya bunda hilo, ukiacha plai, nimevinunua leo asubuhi hapo sokoni Ngamiani kwa bei ambayo mteja wa hoteli hapaswi kuijua.

Sasa niwaambie ya hatari, na hapa wahitimu fungueni madaftari.

Nikiwa bado hotelini, kabla sijasafiri, alikuja mgeni mzee aliyeshuka kwenye ndege ya masaa mengi. Akasema shavu la mguu wa kushoto limekaza, nimchue. Mguu ulikuwa umevimba, mmoja tu, una joto, umeiva wekundu. Mimi nikaanza kukunja mikono ya shati. Nilikuwa nimeshaweka mafuta kiganjani. Yule dada wa Kithai akapita, akautazama mguu, akanishika kifundo cha mkono. Hakuniambia neno, alimwambia mgeni: daktari, sasa hivi. Ilikuwa damu imeganda ndani ya mshipa. Ningelichua lile ganda lingeweza kukatika likapanda hadi kwenye mapafu, na yule mzee angefia kwenye kitanda changu chenye maua ya asumini. Mpaka leo nikikumbuka mafuta yale kiganjani mwili unanisisimka.

Kwa hiyo mguu mmoja uliovimba, usiguse. Mwenye homa, usikande. Mifupa iliyovunjika au iliyochakaa kwa uzee, kidonda, upasuaji wa karibuni, presha isiyoshuka, saratani, mjamzito: muulize daktari wake kwanza, na kama hana daktari, mwambie akamtafute. Bibi zetu waligeuza watoto tumboni kwa mikono. Nawaheshimu, na nyinyi msifanye. Kuna mbinu ya Kithai ya kufungua upepo, unaweka viganja kwenye kinena na kuzuia mapigo ya damu kwa muda mfupi, ukiachia mguu unahisi joto linashuka hadi vidoleni. Ni tamu, watu huipenda. Kwa mwenye moyo au presha au mishipa iliyotuna haifai kabisa, nami siwafundishi leo ingawa nimeona mmoja ameinama mbele kusikiliza. Na shingo jamani. Ile ya kumshika mtu kichwa na kukivunja "ka!" kama kinyozi wa kwenye video, acheni. Mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inapita humo shingoni. Aliyekuja na maumivu ya shingo asiondoke na kiharusi.

Je, inatibu? Inasaidia maumivu ya misuli, hilo limepimwa. Utafiti mmoja uliotolewa mwaka 2005 huko Thailand uliwachukua watu 180 wenye maumivu ya mgongo, nusu wakakandwa Kithai, nusu wakakandwa kwa mtindo wa Ulaya wa mafuta. Maumivu yalipungua sana pande zote mbili. Zingatieni hapo: pande zote mbili. Haukuwa ushindi wa Wathai. Mtu akikuahidi kwamba kukandwa kutakuondolea kisukari au kukufungua kizazi, huyo anauza, hakandi. Kinachobaki, ule utulivu, usingizi unaorudi, mtu kukaa kwenye kiti akatazama bahari, mimi nauona kila wiki na sihitaji kuupa jina kubwa.

Nilisema nitafikia neno masaji. Mnalijua. Ukimwambia baba mkwe kazi yako ni masaji anakohoa. Kuna wahitimu humu wamewaambia wazazi wao wanasomea fiziotherapi, nami sitawataja. Wathai aibu hiyo wameibeba zaidi yetu. Wakati wa vita vya Vietnam askari wa Kimarekani walikuwa na kambi Thailand, na wengine wakiletwa kupumzika, nyumba za kuogeshwa na "kukandwa" zikaota kama uyoga. Sheria yao ya mwaka 1966 iliziweka nyumba hizo kwenye fungu moja na kumbi za starehe. Mkandaji wa hekaluni na msichana wa nyumba ile wakawa wanaitwa jina moja, mo nuat. Na mo maana yake tabibu! Tabibu wa kukanda.

Walijitoaje? Hawakujitoa kwa kulalamika majina, na sijui kama wamejitoa kabisa, maana mitaa ile bado ipo. Waliweka masomo na mitihani. Mkandaji wa afya ana mtaala wa saa 150, wa tiba una saa 800 na zaidi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa mafunzo ya nuat Thai, yaani kukanda kwa Kithai. Mwaka 2013 ikaja sheria ya taaluma ya tiba ya asili ya Kithai, na mwaka 2016 sheria nyingine iliyozitenga nyumba za kukanda kwa afya na zile nyumba nyingine. Hospitali nyingi za serikali zina chumba cha kukandwa na bima ya afya inalipia kwa maradhi fulani. Wasioona wanafundishwa kazi hii, kwa sababu vidole vyao vinasoma haraka kuliko macho yetu. Huko Chiang Mai hata gereza la wanawake linafundisha wafungwa, na watu wa mjini wanakwenda kukandwa nao. Desemba 2019, kwenye mkutano uliofanyika Bogotá, UNESCO ikaiandika nuat Thai kwenye urithi wa utamaduni wa binadamu. Siku hiyo mwenzangu wa zamani alinipigia kwa video akiwa analia, na mimi nikalia tena, naona machozi ndiyo uhusiano wangu na nchi ile.

Nyinyi cheti chenu leo ni cha miezi sita. Sikidharau. Ila mkitoka hapa mkikuta mahali mnaambiwa mvae sketi fupi na kufunga mlango kwa ndani, ondokeni siku hiyohiyo, hata kama mshahara umetajwa. Mlango wa Wat Pho hauna komeo. Tulikuwa tunakandana kwenye ukumbi mmoja, magodoro yamepangwa kama safu za msikitini, na bibi wa miaka 70 anakoroma pembeni ya mtalii wa Kijerumani.

Mwalimu mkuu ameniashiria saa. Amesema niwaonyeshe kidogo kwa vitendo, na mkeka umeshatandikwa hapo mbele. Nahitaji mtu mmoja mwenye mgongo mbovu, na atanijibu maswali ya presha na ujauzito mbele yenu wote, kwa hiyo afadhali awe baba mzazi. Wewe hapo, baba, uliyekuwa unageukageuka kwenye kiti tangu nianze. Karibu, vua viatu. Najua ni mgongo unaokusumbua. Nitaanza na unyayo.